Fidla inalia vizuri chumbani, kwenye rekodi inakwaruza: jinsi ya kutafuta kosa

Mpiga fidla amemaliza kipande chake, chumba kimetulia, na wewe umeridhika. Unavaa hedifoni kusikiliza ulichorekodi. Kinachotoka ni kama paka aliyefungiwa ndani ya pipa. Mpigaji ni yule yule, fidla ni ile ile, na dakika tano zilizopita masikio yako yalisikia utamu. Sasa utamu umekwenda wapi?

Wengi hapo huanza kufungua plagini, zile programu ndogo za kurekebisha sauti. Mimi pia nilikuwa hivyo. Siku hizi, katika chumba changu kidogo hapa Unguja, programu naigusa mwisho kabisa, kwa sababu mara nyingi ninapolifuatilia kosa nalikuta kabla ya waya: kwenye chumba, mahali maiki iliposimama, upinde, au mguu wa mpigaji.

Kwanza rekodi jaribio la dakika moja. Sekunde 10 za mwanzo asipige mtu, asiongee mtu; hicho ndicho kimya cha chumba chako na utakihitaji. Kisha apige nyuzi 4 tupu, bila kuzibonyeza kwa kidole, mmoja mmoja kuanzia ule mnene, kila mmoja kwa upinde mrefu wa kwenda na kurudi. Kisha skeli moja taratibu. Mwisho, mistari michache ya wimbo wenyewe kwa nguvu ile ile atakayoitumia kweli. Sikiliza, badilisha kitu kimoja tu, rekodi tena. Ukisogeza maiki, ukabadilisha waya na kuzima feni kwa pamoja, sauti ikapona hutajua dawa ilikuwa ipi, na kesho ugonjwa ukirudi utaanza upya.

Nyuzi hizo kwa kawaida ni G (hezi 196, yaani mitetemo 196 kwa sekunde), D (294), A (440) na E (659). Ila wapigaji waliolelewa katika muziki wa Kiarabu hukaza G, D, G, D. Kwa hiyo ukiona uzi mwembamba umelegea kuliko ulivyozoea, muulize kwanza kabla hujaiita fidla yake mbovu.

Sauti ni kali, inakwaruza, inachoma masikio

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na mara nyingi sababu yake ni maiki kuwa karibu mno. Tumezoea kurekodi waimbaji, maiki kiganja kimoja kutoka mdomoni, basi tunaifanyia fidla vivyo hivyo. Lakini fidla haikuundwa isikilizwe kutoka sentimita 20. Sauti zake za chini, hadi kama hezi 400 au 500, husambaa pande zote karibu sawasawa. Za juu hutoka kwa mikondo, na mkondo mkubwa hupanda kutoka kwenye ubao wa juu, ule wenye daraja (kibao kinachoinua nyuzi) na matundu ya umbo la F. Ukiitundika maiki hapo hapo juu ya daraja, unachukua makali yote na msuguano wa singa, nywele za upinde, juu ya uzi, huku ule mwili wa sauti unaojengeka hewani ukikupita.

Nililifahamu hili kwa aibu. Alikuja mzee mmoja aliyepiga taarab tangu ujana wake. Nikamsalimia, nikamweka kitini, nikamsogezea maiki mpya niliyokuwa najivunia.

"Kijana, mbona umeniwekea dude hili puani? Unataka kurekodi fidla au pumzi zangu?"

"Ndivyo wanavyofanya, mzee wangu."

"Nani wanaofanya?"

Sikuwa na jibu. Akainuka na kiti chake, akarudi nyuma hatua mbili, akaketi na kuanza kupiga. Nilikuwa sijasimamisha kurekodi. Nilipokuja kusikiliza, sehemu ya kwanza ilikuwa msumeno, na ile ya baada ya kiti kuburutwa ilikuwa fidla. Sikuwa nimegusa kitu.

Anzia na mita 1 hadi 1.2, maiki ikiwa juu kidogo ya kichwa cha mpigaji na ikiuangalia ubao wa juu. Ikiwa bado ni kali, usikimbilie kurudi nyuma zaidi, maana chumba nacho kitaanza kuingia. Isogeze kando, upande wa bega lake, ili isiwe tena katikati ya ule mkondo. Kiganja kimoja kushoto au kulia hubadilisha sauti kuliko unavyodhani. Fanya hivi hedifoni ukiwa umezivaa, yeye akipiga noti ndefu, na utasikia ule ukali ukififia mahali fulani. Hapo hapo kaza skrubu ya stendi.

Sababu ya pili ni maiki yenyewe. Maiki nyingi za kondensa za bei nafuu zimeundwa kuyapa maneno ya mwimbaji mng'ao, kwa hiyo zimeinuliwa kati ya hezi 8000 na 12000, na kwenye fidla mng'ao huo unakuwa wembe. Igeuze maiki kidogo, digrii 30 hadi 45, ili isiitazame fidla uso kwa uso. Maiki ya riboni huipokea fidla kwa upole zaidi. Dainamiki ya kawaida ya jukwaani nayo inafaa kuliko watu wanavyoisema, ila ukiiweka mbali itadai geini (nguvu ya kukuza sauti) nyingi, na kadi ya sauti iliyo dhaifu itakupa mvumo wa shsh nyuma ya kila noti.

Halafu tazama upinde. Joto la pwani huilainisha rozini, ule ulimbo mkavu wa kupaka kwenye singa, na mpigaji mwenye wasiwasi hupaka mara kumi kabla ya kurekodi. Ukiona vumbi jeupe chini ya nyuzi karibu na daraja, imezidi. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, na apige dakika tano bila kupaka tena. Uzi wa E nao huwa wa chuma, na chumvi ya hewa yetu huula. Pitisha ukucha juu yake taratibu; ukikwaruza, badilisha. Uzi wenye kutu haulainishwi na plagini yoyote duniani.

Ipo na sababu moja iliyojificha: hedifoni za mpigaji. Akijisikia kwa mbali, atakandamiza upinde ili ajisikie, na fidla iliyokandamizwa hupiga kelele. Punguza muziki wa nyuma masikioni mwake, umwongezee yeye, kisha umwone mkono unavyolegea.

Yote hayo yakishafanyika na bado unasikia makali kidogo, sasa fungua ikwalaiza, ile plagini ya kupunguza au kuongeza sauti za juu, kati na chini. Punguza desibeli 2 au 3 kwa mkunjo mpana kati ya hezi 2000 na 4000. Ukijikuta unapunguza 8, rudi kwenye stendi.

Inasikika kama iko ndani ya boksi

Simama anaposimama mpigaji, piga kofi moja kali. Ukisikia "trrrr" ikikimbia kati ya kuta, ndiyo hiyo. Kuta mbili za tofali zinazotazamana hurushiana sauti kama watoto wanaorushiana mpira, na katika chumba cha mita 3 kwa 3 mpira huo hurudi upesi mno kiasi kwamba husikii mwangwi, unasikia boksi.

Trei za mayai ziache. Najua zimejaa kwenye picha za studio zetu, lakini ni karatasi nyembamba. Hutawanya kidogo sauti za juu kabisa na za katikati zinapita kama hakuna kitu. Kinachonyonya sauti ni kitu laini na kinene: godoro lililosimamishwa, kabati la nguo likiwa wazi, blanketi mbili zilizokunjwa na kutundikwa kiganja kimoja mbali na ukuta, si kubandikwa juu yake. Godoro liweke nyuma ya mpigaji, kwa sababu huko ndiko maiki inakotazama. Watu huliweka nyuma ya maiki, mahali ambapo maiki ya upande mmoja haisikii vizuri, kisha wanashangaa.

Usimweke katikati kabisa ya chumba wala pembeni kabisa. Theluthi moja ya urefu wa chumba ni mahali pazuri pa kuanzia. Na kama sebule ni kubwa kuliko chumba cha studio, hamia sebuleni, hata kama kompyuta itabaki kule na waya mrefu kupita mlangoni. Aliyebahatika kuwa na nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, yenye dari refu na boriti zilizo wazi, asihangaike na magodoro mengi: boriti zile huitawanya sauti vizuri, na fidla hupata hewa ambayo sisi wa dari za jipsamu tunaitafuta kwenye rivabu, ile plagini ya mwangwi.

Noti moja inazama, nyingine zote ziko sawa

Tatizo hili lilinisumbua wiki nzima. Uzi wa D ukipigwa mtupu ulikuwa kama umefunikwa kanga. E flati juu yake ilirudi kidogo, F ikawa nzima. Nikalaumu uzi, tukabadilisha uzi. Nikalaumu fidla, mpigaji akaleta nyingine. Noti ni ile ile inayozama. Fidla mbili tofauti hazishiriki ugonjwa mmoja, kwa hiyo nikachukua futi ya fundi.

Dari langu liko mita 2.6. Mpigaji alisimama, fidla ikiwa mita 1.5 kutoka sakafuni, na maiki, aina ya kusikia pande zote, ilikuwa mita 2.3, juu yake moja kwa moja. Sauti ya kwanza ilisafiri sentimita 80 ikafika kwenye maiki. Sauti ya pili ilipanda hadi darini, mita 1.1, ikashuka sentimita 30. Jumla mita 1.4. Tofauti ni sentimita 60. Katika hewa ya joto letu sauti hukimbia karibu mita 348 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 290 hivi huwa na urefu wa mita 1.2, na sentimita 60 ni nusu yake barabara. Hapo sauti inayotoka darini inafika ikiwa kinyume na ile ya kwanza, zinakulana. Na D ni hezi 294. Shimo la pili huangukia mara tatu ya hapo, 870, jirani kabisa na A ya juu ya hezi 880. Nikaisikiliza, nayo ilikuwa imenywea.

Dawa ilikuwa kushusha maiki na kuiinamisha kutoka mbele badala ya juu. Ningeweza pia kuweka maiki ya upande mmoja, ambayo mgongo wake ni kiziwi, au kutundika godoro darini. Kabla ya dari, lakini, kagua stendi ya noti. Bamba la chuma lililolala chini ya fidla ni dari lililogeuzwa, na wengi hawalioni. Tandika taulo juu yake, au lisimamishe wima zaidi.

Tofauti ya shimo la namna hii na kasoro ya fidla yenyewe huonekana kwa kutembea. Mpigaji asogee hatua moja huku akishikilia noti hiyo. Ikirudi, chumba ndicho chenye kosa. Ikibaki vile vile hata nje ya nyumba, ampelekee fundi wa fidla.

Kuna mvumo nyuma ya kila kitu

Rudi kwenye zile sekunde 10 za kimya, ongeza sauti, tambua unasikia nini.

Mvumo mzito usiobadilika ni umeme. Huku kwetu umeme ni hezi 50, na watoto wake ni 100, 150, 200, 250. Noti ya chini kabisa ya fidla ni 196, kwa hiyo chini ya hapo hakuna noti yake ya kuogopa kuiua: kata kila kitu chini ya hezi 120 au 150, na 50 na 100 zitakwenda nazo. Tatizo ni 200. Iko hezi 4 tu kutoka kwenye G, na uzi mnene ukilia mtupu utasikia sauti ikipanda na kushuka kama mara 4 kwa sekunde, mtetemo ambao mkono wa mpigaji haukuufanya. Ukijaribu kuichomoa hiyo 200 kwa ikwalaiza utaondoka na kipande cha G. Kwa hiyo mvumo unaondolewa kwenye chanzo.

Chomoa chaja ya kompyuta, rekodi kwa betri. Mara nyingi hapo hapo kimya. Kama siyo, kompyuta, kadi ya sauti na spika viunganishwe kwenye kebo moja ya soketi, vishiriki ardhi moja. Usikate ule mguu wa tatu wa plagi, mguu wa ardhi, hata fundi wa mtaani akikuambia ndiyo dawa. Mvumo utaondoka na siku moja utaondoka wewe. Zima taa yenye swichi ya kupunguza mwanga. Waya wa maiki usilale sambamba na waya wa umeme. Ukilazimika, upite juu yake kwa msalaba.

Ukisikia "tititi-tititi-tiii", ni simu ya mtu. Mara nyingi ni yangu.

Mvumo wa hewa ni pangaboi au kiyoyozi. Zima. Ndiyo, kutakuwa na joto, na fidla nayo italisikia: rekodi vipande vya dakika kumi, washa, pumzika, zima. Vishindo vya "du, du" kwenye mapigo ni mguu wa mpigaji ukipita sakafuni hadi kwenye stendi. Avue viatu, na stendi ikae juu ya mkeka uliokunjwa mara nne. Mabati nayo hulia ta-ta yanapopoa jioni, kwa hiyo saa ya magharibi si saa ya kurekodi noti ndefu. Mvua ya masika juu ya bati haina tiba. Pika chai.

Sauti inapanda na kushuka

Mpiga fidla mzuri hatulii, mwili wake hucheza. Akiinamia maiki iliyo sentimita 30 na kuikaribia kwa sentimita 15, sauti inapanda desibeli 6. Mwendo ule ule mbele ya maiki iliyo mita 1.2 unaipandisha desibeli 1 na kitu, wala hutauona. Kwa hiyo dawa ni ile ile ya hatua mbili za yule mzee. Kompresa, plagini ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, isiwe kitu cha kwanza, kwa sababu itainua pia chumba na mkwaruzo kila noti inapokufa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hapakuwa na kurudi nyuma kurekebisha. Mizani ya ala na mwimbaji ilipatikana kwa nani akae wapi. Bado ni njia nzuri.

Inapasuka kwenye sehemu za nguvu

Geini imezidi. Ipunguze kwenye kadi, siyo ile fada ya ndani ya programu, ambayo hupunguza tu sauti ambayo tayari imeshapasuka. Kilele kikae karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Watu huogopa kwamba ni chini mno. Ukirekodi kwa biti 24 unayo nafasi ya kutosha. Pia usiamini kilele cha majaribio: taa nyekundu ikiwaka, mpigaji huongeza nguvu bila kujua. Na mjaribu pia akidonoa nyuzi kwa kidole, maana mdonoo mmoja hupanda ghafla kuliko upinde.

Nyembamba, kama ya plastiki

Kama umetumia pikapu, kile kinasa sauti kidogo cha kubandika kwenye daraja, na kuichomeka kwenye tundu la kawaida la kadi, sauti za chini zimemwagika njiani. Pikapu za aina hii zinataka tundu lenye ukinzani mkubwa, kama megaomu 1, ambalo kwenye kadi nyingi ni lile la gitaa, lenye kitufe chake. Libonyeze. Ikibaki nyembamba, weka kifaa cha kukuza sauti kati ya pikapu na kadi. Hata hivyo pikapu ni ya jukwaani, mahali ambapo ngoma na spika zinapigana. Nyumbani tumia maiki.

Kama umetumia maiki mbili na zikichanganywa sauti inakonda, geuza polariti (mwelekeo wa wimbi) ya mojawapo, kisha sikiliza kwa mono, zote zikiwa sauti moja. Ikinenepa, umejua. Ikiwa namna zote mbili hazipendezi, tumia moja. Sijawahi kujuta kutumia moja.

Noti hazikai mahali pake

Hapa yamechanganyika magonjwa matatu, usiyatibu kwa dawa moja.

La kwanza: wimbo mzima umepanda au umeshuka. Faili ilirekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde ikafunguliwa kama 48,000. A ya 440 inasikika kama 479, karibu nusu toni moja na nusu juu, na mwendo umeongezeka. Kinyume chake inashuka hadi 404. Linganisha namba hizo kwenye kadi, kwenye mradi na kwenye muziki wa nyuma ulioletewa na mwenzako. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa "wewe umepiga juu" huanzia, na hakuna aliyepiga juu.

La pili: inaanza sawa, baada ya wimbo mmoja imeondoka. Ni unyevu na joto. Vigingi vya mbao huvimba wakati wa mvua vikagoma kuzunguka, kiangazi vikasinyaa vikateleza. Fidla iliyotoka kwenye gari la moto ikaingia chumba cha kiyoyozi ipewe nusu saa nje ya kasha kabla ya kutyuniwa, na ityuniwe tena kila baada ya kipande. Nyuzi mpya zifungwe siku mbili tatu kabla, siyo asubuhi ya kurekodi.

La tatu si ugonjwa. Prodyuza kijana anaona kwenye skrini noti imekaa katikati ya E flati na E, anaivuta iende kwenye E, anaona ameokoa. Ameharibu. Katika Rasti, mojawapo ya maqamu (mfumo wa noti wa Kiarabu), ikianzia C, noti ya tatu mahali pake ni hapo hapo katikati, na mzee ameitafuta kwa kidole miaka mingi. Fidla haina vigawanyo shingoni ili iweze kukaa hapo. Ganuni, ala ya nyuzi nyingi ya kulaza mapajani, nayo ina vishikizo vidogo kwa kazi hiyo hiyo. Programu ya kunyoosha noti kwa kawaida hufuata noti 12 tu. Izime. Ukitaka kujua kama ni kosa au ni maqamu, sikiliza noti hiyo inaporudi mstari wa pili na wa tatu: ikirudi mahali pale pale, alikusudia. Kodiani ndiyo yenye shida hapo, kwa kuwa haiwezi kumfuata. Mwache mpiga kodiani aikwepe noti hiyo, kama wapigaji wazuri wafanyavyo.

Anachelewa kwenye mapigo, na anaapa hachelewi

Huenda ni mkweli. Bafa (akiba ya muda ya sauti ndani ya kompyuta) ya sampuli 1024 kwa 48,000 huchelewesha sauti milisekunde 21 kuingia, na nyingine kama hizo kurudi masikioni. Jumla inapita 40, sawa na kujisikiliza ukiwa umesimama mita 14 kutoka kwenye fidla yako mwenyewe. Shusha bafa hadi 128 wakati wa kurekodi, zima plagini nzito, au tumia kitufe cha kadi cha kusikiliza moja kwa moja. Ama avue sikio moja la hedifoni, alisikie fidla hewani. Hilo sikio lililovuliwa alibandike kichwani, lisiachwe wazi, la sivyo "tik, tik" ya kuhesabu mapigo itaingia kwenye maiki, na utaigundua pale wimbo unapoishia kwa noti moja ndefu ya upole.

Nimerekodi mara sita ili iwe kundi la fidla, inasikika kama kinanda

Mpigaji mmoja, fidla moja, kiti kimoja, maiki moja: kila tabaka lina sura ile ile ya sauti, nayo inarundikana. Kunakili tabaka moja na kulisogeza kidogo ni vibaya zaidi. Kila awamu mwambie abadilishe kiti, ukiweza abadilishe fidla, noti zile zile azipige kwenye uzi mwingine, na awamu moja apige kwa ulegevu kidogo kama mtu wa kiti cha nyuma. Mbili kati ya hizo zirekodi kutoka mita 2, chumba kikiingia. Nne za namna hii zinashinda kumi za kunakili.

Kwenye hedifoni ni tamu, kwenye simu ya bi harusi ni kelele

Ulimtumiaje? Kama ulibonyeza alama ya maiki kwenye WhatsApp na kuinyooshea simu spika, alichopokea kimepita kwenye mitambo iliyoundwa kwa ajili ya mazungumzo. Baadhi ya simu huichukulia noti ndefu isiyobadilika kama mvumo wa feni na kuifinya, kwa hiyo fidla inaanza vizuri halafu inadidimia. Tuma faili yenyewe kama dokumenti.

Na kabla hujaituma, isikilize kwenye spika ya simu yako mwenyewe, simu ikiwa mezani na wewe ukiwa mlangoni. Spika ile ndogo haitoi besi. Hujitambia zaidi kwenye hezi 2000 hadi 4000, yaani pale pale penye makali ya fidla. Ikivumilika kutoka mlangoni, tuma.